Sydney: Yakupasayo kujua kabla ya kuongezwa matiti

Makala hii inaangalia upasuaji wa kuongeza matiti kwa vipandikizi, na yale yanayomsubiri mwanamke anayeufanya mjini Sydney, Australia.

Tangu Machi 2017, jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ni mji mkuu wake, linataka upasuaji huo ufanyike katika hospitali au kituo chenye leseni tu. Hatua hiyo ilifuatia uchunguzi uliobaini kuwa baadhi ya wanawake waliopasuliwa nje ya utaratibu huo walipata matatizo ya moyo na degedege kutokana na dawa za ganzi. Tangu Julai 2023, Australia nzima inataka mgonjwa awe na barua ya daktari wake wa kawaida, akutane na wahusika angalau mara mbili, kisha asubiri si chini ya siku 7 baada ya kutia saini.

Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi mbili, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Daktari hupasua, mara nyingi chini ya titi, na kuingiza kipandikizi cha silikoni au cha maji ya chumvi nyuma ya titi au chini ya msuli wa kifua. Maumivu na uvimbe ni jambo la kawaida. Wengi hurudi kazi za ofisini baada ya wiki moja au mbili, lakini kubeba mizigo mizito husubiri wiki kadhaa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kipandikizi si cha maisha. Kinaweza kupasuka, au kovu linalokizunguka likakaza na kuuma, na hapo hulazimu kupasuliwa tena. Chuchu zinaweza kufa ganzi, na kunyonyesha kukawa kugumu. Mwaka 2019 Australia iliondoa sokoni aina kadhaa za vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza, vilivyohusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga. Hata hivyo, aliye navyo na hana dalili hashauriwi kukimbilia kuvitoa. Titi likivimba ghafla, amwone daktari.

Bima ya serikali, Medicare, hailipii upasuaji wa urembo tu. Kwa hiyo piga hesabu ya upasuaji wa pili pia, na itunze kadi yenye aina na namba ya kipandikizi. Ukirudi Nairobi au Dar es Salaam, daktari wa huko ataihitaji.