Kwa Nini Wazee Husahau Majina?

Pengine nyumbani kwako yupo bibi aitaye wajukuu watatu kabla ya kulipata jina la yule amtakaye. Watoto hucheka, na wakubwa husema, "Akili zimekwisha." Sivyo hata kidogo.

Ubongo una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Kati ya chembe moja na ya pili mara nyingi pana upenyo mwembamba sana. Habari huvukaje? Mwaka 1921 mtaalamu Otto Loewi, huko Austria, alitwaa mioyo miwili ya vyura. Aliisisimua neva ya moyo wa kwanza hata ukapiga polepole, kisha akatia maji yake katika moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo! Ndipo ilipojulikana ya kuwa neva hutuma habari kwa kemikali. Ile ya vyura ni asetilikolini, nayo imo hata katika ubongo wetu. Ng'ambo ya upenyo vipo vipokezi, na kila kipokezi hupokea kemikali yake kama kufuli na ufunguo.

Mtu azeekapo, chembe zilizo nyingi hubaki hai, lakini viungo kati yake hupungua. Vipokezi navyo hupungua. Vile vya kemikali iitwayo dopamini huanza kupungua tangu ujanani. Basi habari hufika, ila kwa kuchelewa. Lakini maana za maneno na maarifa ya siku nyingi hudumu. Ndiyo maana twasema, palipo na wazee haliharibiki neno.

Basi ufanyeje? Kwanza, sema na mzee jambo moja moja, ungoje jibu.

Pili, jihadhari na dawa. Vidonge vya mafua na kuwashwa viitwavyo klorofeniramini huziba vipokezi vya asetilikolini. Kijana mara nyingi husinzia tu. Mzee, ambaye akiba yake ni ndogo, aweza kuweweseka na kuanguka. Majirani wakadhani ni wazimu, au uchawi. Usimpe mzee vidonge hivyo kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati.

Tatu, mzee akichanganyikiwa ghafula, au akipotea njia aliyoizoea, huo si uzee tu. Mpeleke hospitali upesi, ukachukue na dawa zote azimezazo ili daktari azione.