Je, Wajua? Bomu la Kuogea Ndani ya Beseni

Sogea kidogo hapa kwenye benchi, nikupe uhondo. Lile bomu la kuogea, duara la rangi ambalo ukilitumbukiza majini linafoka povu na kunukia nyumba nzima, lina vitu viwili vikuu tu: soda ya kupikia na asidi ya sitriki. Vyote viwili vinaingia kwenye mfuko mmoja mdogo ukitoka dukani Jinja kurudi Masese.

Je, wajua lilizaliwa kibandani? Mwaka 1989, Mwingereza Mo Constantine alilitengeneza katika kibanda cha bustani yake, wazo likiwa limetoka kwenye kidonge cha Alka-Seltzer kinavyochemka ndani ya maji. Dawa ya tumbo ikageuka starehe ya ngozi!

Nawe umeshaliona, ila hukulijua. Chukua pakiti ya ENO, ile ya kiungulia, usome kilichomo: soda ya kupikia, asidi ya sitriki. Ni walewale!

Sasa shika hii. Gramu 100 za soda na gramu 50 za asidi, yaani bomu linaloenea kiganjani, hutoa gesi lita 19 ukiwa pwani ya Mombasa. Lete bomu hilohilo Masese, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mkandamizo wa hewa ni mdogo: gesi inatanuka hadi karibu lita 22. Jerikeni la lita 20 linajaa na kufurika! Hesabu hii nimeirudia mara tatu, na kila mara nimetabasamu.

Unadhani kinachochemka lazima kiwe moto? Weka kijiko cha mchanganyiko huo kiganjani, udondoshee maji. Unachemka, unalia chii, na mkono unapoa! Badala ya kutoa joto, unalinyonya kutoka kwako.

Je, wajua asidi ya sitriki ya dukani haitoki kwenye malimau? Zamani ilitoka huko, tangu mkemia Carl Scheele alipoikamua mwaka 1784. Siku hizi hutengenezwa na kuvu mweusi aitwaye Aspergillus niger, anayelishwa sukari au molasi. Ndiyo, molasi ileile inayobaki sukari ya miwa ikishatolewa viwandani kama pale Kakira, jirani yenu!

Na soda je? Ukipitisha gesi ya kaboni dioksaidi kwenye maji ya magadi yaliyosafishwa, unapata soda ya kupikia. Ukiitia soda hiyo asidi, gesi inatoka tena. Povu unalolifurahia ndani ya beseni ni gesi iliyofungiwa humo, sasa imeachiwa huru.

Wewe unayeanika mukene pale ufukweni, hii ni yako. Harufu ya samaki mikononi husababishwa na kemikali zenye tabia ya magadi, na asidi huzifunga zisiruke hewani. Kwa hiyo limau kwanza, bomu baadaye. Ukianza na bomu, soda yake iliyozidi haitakusaidia kwa harufu hiyo.

Wengi huongeza chumvi ya haluli kwenye bomu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1618, kule Epsom, Uingereza, ng'ombe walikataa kunywa maji ya kidimbwi fulani hata kiangazi kilipokaza. Maji yalikuwa machungu kwa chumvi hiyo. Ng'ombe waligoma, watu wakatajirika!

Mafuta? Usihangaike na ya ng'ambo. Shea ya kaskazini mwa Uganda, ile Waacholi wanayoiita moo yao, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka upesi ukiisugua mkononi. Kijiko kimoja kinatosha.

Rangi nayo ni mchezo mtamu. Saga rosela iliyokauka, ile nyekundu ya kutengenezea juisi. Kwenye asidi inabaki nyekundu, kwenye soda inageuka buluu hadi kijani. Jaribu kwenye vikombe viwili mbele ya watoto, uone macho yatakavyowatoka!

Siri ya kufinyanga ni ukavu. Changanya unga, tia mafuta, kisha nyunyiza spiriti ya dukani tone kwa tone, siyo maji, hadi ukikamua kiganjani mchanganyiko ushikane kama mchanga wa ziwani baada ya mvua. Waragi haifai kabisa: asilimia 40 ni pombe, kinachobaki karibu chote ni maji, na bomu litalipukia bakulini. Shindilia kwenye nusu mbili za mpira wa tenisi uliokatwa, ziunganishe, acha siku nzima. Usijifikiche macho kabla ya kunawa.

Huna bafu la kulala? Tupa nusu ya duara kwenye beseni la miguu jioni, maji ya vuguvugu yakifika kwenye vifundo. Utasikia vitone vidogo vikipasuka na kukutekenya vidole, mamia kwa mamia.

Ila bomu lifungie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Ziwa letu lina kilomita za mraba karibu 68,800, na hewa yake imebeba maji usiku kucha. Ukiliacha bomu dirishani Masese, asubuhi utalikuta limetoka vipele na kuvimba, limeanza kuoga kabla yako!