Nyumba ya bei nafuu huanzia kwenye ardhi

Swali la nyumba za gharama nafuu likiulizwa, majibu mengi hukimbilia tofali, bati na ukubwa wa vyumba. Ni kweli saruji na nondo zinaumiza. Lakini mama ntilie, dereva wa bodaboda au mlinzi wa usiku hukwama kabla fundi hajachimba msingi. Hukwama kwenye kiwanja, kwenye hati, na kwenye fedha inayoingia kidogo kidogo huku mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Benki nayo inataka hati ya mshahara na hati miliki, vitu viwili ambavyo familia hizi hazina. Ndiyo maana pembezoni mwa Dar es Salaam kumejaa maboma yanayonyeshewa misimu kadhaa, mwenyewe akisubiri fedha za kupaua.

Pale ambapo familia za kipato hicho zimefanikiwa kujenga kwa pamoja, kazi kubwa ilifanyika kabla ya ujenzi. Chamazi ni mfano ninaoupenda, pamoja na kasoro zake.

Bandari ya Dar es Salaam ilipohitaji eneo la kupanuka, mnamo 2007 na 2008 maelfu ya wakazi wa Kurasini walilazimika kuhama. Fidia hufuata ardhi na jengo, kwa hiyo mpangaji, hata kama amelipa kodi nyumba ile ile miaka kumi, hubaki karibu mikono mitupu. Baadhi ya wakazi hao, wapangaji kwa wenye nyumba, walikuwa tayari katika vikundi vya kuweka akiba vilivyoungana kuwa shirikisho la wakazi maskini wa mijini. Wakaunda ushirika wa nyumba, wakauita Muungano, wakishikwa mkono na asasi ya Centre for Community Initiatives. Mwaka 2008 wakanunua ekari 30 huko Chamazi, Temeke, kwa shilingi milioni 24.

Ukigawanya, ni laki nane kwa ekari, yaani kama shilingi 200 kwa meta moja ya mraba. Siri iko hapa. Mwenye shamba huuza shamba kwa bei ya shamba. Likishakatwa vipande na kupita mikononi mwa madalali, kila kipande huuzwa kwa bei ya kiwanja, na faida hiyo yote hutoka mfukoni mwa mnunuzi wa mwisho. Wanachama wa Muungano waliikwepa kwa sababu walifika wakiwa wengi, na fedha zao zikiwa zimekusanywa tayari.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa kanuni za mipango miji, ambazo wakati huo zilitaka kiwanja cha makazi kisipungue meta za mraba 400. Tuseme asilimia 40 ya ekari hizo 30 inakwenda kwenye barabara, huduma na maeneo ya wazi. Zinabaki kama meta za mraba 73,000. Kwa viwanja vya meta 400 unapata familia 180 hivi. Kwa viwanja vya meta 200 unapata zaidi ya 360. Ardhi ni ile ile na fedha iliyolipwa ni ile ile, ila gharama ya ardhi kwa kila familia imeshuka kwa nusu. Ndiyo maana ushirika ulilazimika kujadiliana na mamlaka ili uruhusiwe kutumia viwanja vidogo. Sisi wataalamu wa mipango tuna wajibu mzito hapa, maana mstari mmoja katika kanuni zetu unaweza kuwafungia nje nusu ya watu.

Matofali ya kufungamana yalifyatuliwa papo hapo na wanachama wenyewe, kisima kikachimbwa kwa matumizi ya wote. Ugumu ulikuja kwenye umbali. Mtu ambaye kibarua chake kimebaki mjini akihamia Chamazi hulipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na nauli hiyo hula fedha ile ile aliyopanga kurejesha mkopo wa nyumba. Ardhi rahisi iliyo mbali na kazi humlipisha mtu kwa njia nyingine, na hesabu yoyote ya nyumba nafuu isiyoingiza nauli haijakamilika.

Wakazi wa Kambi Moto, katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi, walichagua kubaki walipokuwa. Mwaka 2003 halmashauri ya jiji ilikubaliana nao, wakiwa pamoja na asasi ya Pamoja Trust, kwamba kijiji chao kijengwe upya pale pale. Ardhi ilikuwa finyu, hivyo kila nyumba ilipewa msingi wa takriban meta 4.5 kwa 4.5 na kuruhusiwa kupanda juu kwa ghorofa. Familia huanza na sehemu ya chini, ikipata nguvu inaongeza. Sakafu za ghorofa zilitengenezwa kwa ladhi, vibao vya zege vinavyosubiwa papo hapo, ufundi waliojifunza kutoka kwa wenzao wa India, na wanawake walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Kabla ya yote hayo walihesabu kila kaya, wakakubaliana kwamba mwenye vibanda na mpangaji wake kila mmoja atapata nyumba moja. Fikiria mtu mwenye vibanda vitano anavyokubali jambo kama hilo. Hakuna mhandisi wala mfadhili anayeweza kulileta kutoka nje; lilitokana na vikao, na miaka ya kuwekeana akiba na kujuana.

Lipo swali ambalo miradi mingi huliacha: mwanachama akiamua kuuza, nyumba nafuu inabaki nafuu kwa nani? Chamazi leo inajulikana nchi nzima kwa uwanja wa Azam Complex, na ardhi yake si ya bei ile ya 2008. Mwanachama akiuza, nyumba iliyopatikana kwa jasho la wengi inaingia soko la kawaida, na mfanyakazi anayekuja baadaye haikuti. Huko Voi, nchini Kenya, mtaa wa Tanzania-Bondeni ulilijibu swali hili katika miaka ya 1990: ardhi ikashikiliwa kwa pamoja chini ya wadhamini, wakazi wakamiliki nyumba. Anayehama anauza alichokijenga, ardhi inabaki ya jumuiya. Utaratibu huo unadai uongozi unaoaminika na daftari lililo wazi, maana wadhamini wabovu wanaweza kufanya madhara makubwa kuliko dalali yeyote.

Halmashauri zetu zinapopima viwanja vipya, huviuza kimoja kimoja kwa anayeweza kulipa ndani ya muda mfupi. Ningependa kila mradi wa upimaji utenge kitalu kimoja, karibu na njia ya daladala, kiuzwe kizima kwa ushirika uliosajiliwa wenye rekodi ya akiba, kwa bei ya gharama za upimaji na fidia, kikilipwa kwa miaka mitano. Masharti ya kutouza ardhi holela yaandikwe kwenye hati siku ile ile ya kwanza, kabla tofali halijafyatuliwa.