Je, Wajua? Tundu la Gobore Linadanganya

Chomeka kidole cha shahada kwenye mdomo wa gobore la enzi za misafara: kinaingia bila kukwama. Bunduki hizo, nyingi zikiwa kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilikuwa na tundu la milimita 17 hadi 19. Zilipanda kutoka pwani mabegani mwa wapagazi hadi Unyamwezi, na ndizo walizoshika rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, walipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871. Mauser 98 ya Wajerumani, iliyokuja baadaye, inapitisha penseli tu.

Utadhani gobore ndilo baba lao. Wapi!

Gobore hushindiliwa mdomoni: baruti kwanza, kisha gololi ya risasi, na risasi ikikosekana, hata vipande vya chuma. Gololi haibani mtutu. Moto unavujia pembeni, gololi inagongagonga kuta mpaka inatoka, kisha inakwenda inakotaka yenyewe. Kumpata mtu aliye hatua mia moja ni bahati zaidi kuliko shabaha.

Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Wajerumani huku kwetu walikuwa bado na bunduki ya mtindo wa 1871, ya milimita 11. Risasi yake ilikuwa na gramu 25, ikienda meta kama 430 kwa sekunde. Ile ya 98 ilirusha gramu 10 tu, ila kwa meta karibu 880. Siri iko hapo. Uzito ukizidi mara mbili, nishati inazidi mara mbili. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati inazidi mara nne. Kwa hiyo risasi nyembamba inaondoka na juli kama 3,800, na nene 2,300. Bastola ya milimita 9 iliyo kiunoni mwa polisi wengi leo hutoa kama 500, na inatosha: polisi hapigi mtu aliye ng'ambo ya mbuga, wala hataki risasi ipenye ukuta na kumkuta mpita njia.

Lakini nadhani lililowaponza zaidi askari wale ni moshi. Bunduki zao za 1871 zilitumia baruti nyeusi. Baruti hiyo ni shura, makaa na kiberiti, na zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hutoka kama vumbi jeupe. Ukifyatua mara moja tu, wingu linatanda juu ya kichaka chako, na adui hana haja tena ya kukutafuta.

Maganda ya risasi za vita hivyo nayo yana kisa chake. Wabelgiji waliitwaa Tabora kutoka kwa Wajerumani tarehe 19 Septemba 1916. Kabla ya hapo, fedha zilikuwa zimeadimika kwa sababu ya vita, na karakana ya reli ya Tabora ikawa inagonga sarafu. Shaba ya maganda ya risasi na mizinga iliyeyushwa ikawa sarafu za heller 20, zenye herufi T ya Tabora. Na heller hiyo ndiyo tunayoitaja hadi leo tukisema hatuna hela.