Hesabu ya Taifa Yategemea Mmoja

Mwaka 2023, mjini Kigali, Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Rwanda ilitangaza matokeo ya sensa ya Agosti 2022: wakazi 13,246,394. Wengi wetu huisoma namba kubwa kama hiyo na kuipita. Hebu, ndugu msomaji, tuifungue kwa hesabu tuliyofunzwa shuleni.

Namba hii ni shufwa, hivyo yagawanyika kwa 2. Yagawanyika pia kwa 7, kisha kwa 61, hata ibaki 15,511. Hapo mgawanyo hukoma, kwani 15,511 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Zidisha 2 × 7 × 61 × 15,511, na taifa zima litarudi mbele yako.

Sasa tuseme kwamba katika nyumba moja karani hakuambiwa habari za kitoto kichanga kilicholala chumbani. Mwongeze huyo mmoja, upate 13,246,395. Ushufwa umetoweka. Katika vigawo vile vinne hakuna hata kimoja kinachofaa tena. Sasa 3 na 5 ndizo zinazoigawa. Imekuwa namba nyingine kabisa, kwa ajili ya mtoto mmoja!

Mpangaji wa shule na zahanati aweza kukadiria kwa maelfu, lakini mamilioni hujengwa kwa moja moja. Basi karani wa sensa akibisha hodi, asiachwe mtu ndani asiyetajwa.