Masjid Tawakal: Msikiti wa Kendu Bay Ulitoa Wapi Hiyo Staili?

Ukipanda mat Homa Bay ukienda Kisumu, ikifika Kendu Bay wasee wanaangalia tu samaki. Lakini hapo kuna kitu ingine ya kuona: Masjid Tawakal, msikiti wa kitambo unaojulikana juu ya mjengo wake wa Kimashariki. Hiyo si staili ya Wajaluo. Hata Pwani sio kwao. Sasa ilifikaje kando ya ziwa?

Cheki hii. Misikiti mingi ya zamani ya Pwani, kama ile magofu ya Gede, ilijengwa na mawe ya matumbawe, paa bapa, bila mnara. Kuba kubwa na minara mirefu ni mambo ya Uajemi na India, vile unaona kwa Taj Mahal iliyoanza kujengwa 1632.

Kwetu staili hiyo ilipandia reli. Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wakiwa wa Punjab, na reli ikafika Kisumu Desemba 1901. Kutoka hapo meli zikaanza kuzunguka ziwa, zikishukisha mizigo na wafanyabiashara kwa bandari ndogo kama Kendu Bay na Homa Bay. Waislamu kati yao walikuja na picha ya msikiti wa nyumbani kichwani. Nairobi waliijenga pia: Jamia, kati ya 1925 na 1933, ina kuba tatu.

Lakini dini haikubaki kwa wageni. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, alizaliwa Kanyadhiang, hapo tu karibu na Kendu, na akasilimu. Jamaa alikuwa Mjaluo halisi.

So mtu akikuuliza, "Mjaluo na Uislamu wapi na wapi?" mwonyeshe Kendu. Na akisema huo mjengo ni wa kuomba, muulize yale madirisha ya ncha kwa kanisa ya dani yake yalitoka wapi. Ulaya! Na hakuna mtu humwambia dani anaswali kwa nyumba ya wenyewe.

Tawakal maana yake ni kumwachia Mungu mambo yako. Siku ingine mat ikisimama Kendu, shuka. Omba ruhusa kwanza, vua viatu, ndio utoe simu upige picha.