Kabla ya Kununua Jiwe la Jikoni, Aulizwe Mpishi

Imeenea Visiwani mwetu desturi ya kutandika mabamba ya mawe meusi katika majiko. Tunayaona katika mahoteli, katika nyumba za wananchi wenye uwezo, na hata katika majiko ya taasisi za umma. Aina inayopendwa siku hizi si ile inayong'aa kama kioo, bali ile iliyosuguliwa ikawa laini, kisha ikaachwa na weusi wake uliotulia. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Jiwe lililochaguliwa vyema huweza kumtumikia mtu na wanawe. Tunachokilalamikia ni namna mawe hayo yanavyochaguliwa, na nani anayeyachagua.

Mwandishi wa safu hii alipata kuhudhuria kikao cha taasisi moja ambayo hapana haja ya kuitaja. Katika mambo yaliyoletwa mbele ya kikao lilikuwamo shauri la mpishi, mama wa makamo, aliyetuhumiwa kuharibu mali ya umma. Jiwe jeusi lililowekwa jikoni mwake miezi mitatu nyuma lilikuwa limeenea madoa meupe, na ilipendekezwa akatwe mshahara. Alipopewa nafasi ya kujitetea, alisema maneno machache tu: "Wakubwa zangu, huu ni mwaka wa ishirini nakamua ndimu juu ya samaki. Jikoni humo mgeni ni jiwe, si mimi."

Jiwe lilipochunguzwa ilibainika kwamba halikuwa graniti kama ilivyoandikwa katika hati ya mauzo, bali ni jiwe la chokaa lililotiwa rangi nyeusi. Lilichaguliwa ofisini kwa kutazama picha. Shauri la mama yule lilifutwa, lakini fedha zilikwisha kulipwa, na mama yule alikwisha fedheheka mbele ya wenziwe. Wazee walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ni vyema basi tufahamu asili ya mambo haya. Unguja na Pemba hazina miamba myeusi ya kukatia mabamba. Jiwe letu ni la matumbawe, ambalo wazee walijengea nyumba na kulichoma kupata chokaa. Marumaru ya kweli na jiwe la chokaa la rangi yoyote ni ndugu wa jiwe letu hilo. Yote huliwa na ndimu, siki na ukwaju. Pale tone la ndimu linapotua, uso wa jiwe huchujuka, na juu ya weusi alama hiyo huonekana tangu mlangoni. Hilo si doa la kufutika kwa sabuni, kwa kuwa sehemu ya jiwe lenyewe imekwisha kuliwa.

Mawe meusi yanayouzwa kwa jina la graniti, yakiwa ya kweli, aghalabu ni yale ambayo wataalamu wa miamba huyaita gabro au doleraiti. Huchimbwa Mutoko nchini Zimbabwe, kusini mwa India na kwingineko. Hayo ni magumu, ndimu haiyadhuru kwa urahisi, na kisu cha kawaida hakiyachori. Liko pia jiwe la sabuni, ambalo halinywi mafuta wala haliliwi na ndimu, lakini ni laini mno hata ukucha huweza kulikwaruza. Anayelitaka alichukue akijua kwamba litachorwachorwa.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kununua jiwe kwa picha. Aombe kipande cha jiwe lile lile atakalouziwa, akipeleke jikoni, ampe mpishi. Upande mmoja likamuliwe ndimu, upande wa pili lipakwe samli, na pembeni litonwe maji. Baada ya robo saa atazame maji: yakiwa yameacha kiwivu, jiwe hilo linakunywa na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo. Ndimu na samli ziachwe mpaka asubuhi, kisha lioshwe na kutazamwa. Mwisho, achukue kitambaa cheupe chenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, alisugue. Kitambaa kikitoka cheusi, rangi hiyo ni ya kupakwa na muuzaji amejulikana. Majaribio yote haya hayafikii gharama ya nauli ya daladala.

Anayechagua uso usiong'aa ajue pia tabia yake. Mikwaruzo midogo haionekani sana, lakini alama za vidole na mafuta huonekana kuliko juu ya jiwe linalong'aa. Dawa ya kuziba vinyweleo ikitumika, si ya kupakwa mara moja ikasahauliwa. Siku maji yatakapoacha kusimama matone matone juu ya jiwe, wakati wa kuirudia umefika.

Katika usafi, kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha. Mchanga, majivu na makumbi, ambavyo mama zetu walisugulia masufuria, visifike hapo, kwani huacha mabaka yanayong'aa katikati ya weusi uliotulia. Mafuta yaliyozama huweza kutolewa kwa unga uliokorogwa na maji na sabuni ukawa uji mzito, ukapakwa juu ya doa na kufunikwa kwa nailoni usiku kucha. Sufuria iliyotoka motoni iwekewe kitu chini. Na kwa kuwa maji ya visima vyetu vingi hupita katika miamba ya chokaa, yakikauka karibu na bomba huacha weupe juu ya jiwe jeusi. Dawa yake ni kuyafuta kila jioni kabla hayajakauka.

Yako mambo mawili ambayo maofisa hawana budi kuyazingatia. La kwanza ni uzito. Bamba la unene wa sentimita 3 huwa na kilo 80 hadi 90 kwa kila mita ya mraba, na makabati ya mbao dhaifu hayalistahimili. La pili ni afya ya fundi. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa. Mabamba ya kutengenezwa kiwandani kwa unga wa silika na gundi yana hatari kubwa zaidi, hata Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Jiwe likatwe kwa maji, na fundi avae kinga ya kupumulia iliyo madhubuti, si kitambaa alichojifunga puani. Mkataba usiotaja mambo hayo haufai kutiwa saini.

Tunapendekeza kwamba kila taasisi ya umma inayotaka kununua jiwe la jikoni iambatanishe na maombi yake kipande kilichojaribiwa, pamoja na maoni ya mpishi yaliyoandikwa. Atakayetia saini bila ya hayo, basi hasara iandikwe kwa jina lake. Fedha za umma ni amana, na heshima ya mama anayepikia wagonjwa au watoto wa skuli ni amana vile vile. Si haki hata kidogo kwamba kosa litendeke ofisini, na adhabu ishuke jikoni.